Sanduku la bakshishi na mwenye ufunguo

Nilifanya kazi ya uweita miaka miwili na miezi kadhaa, na mpaka leo nikisikia funguo zinagongana kiunoni mwa mtu moyo unashtuka kidogo. Meneja wetu alikuwa anatembea hivyo, unamsikia kabla hujamuona, na kati ya funguo zake zote kulikuwa na kimoja kidogo cha rangi ya shaba, cha kufuli la sanduku la tipu. Sanduku lenyewe la mbao, liko kaunta pembeni ya keshia, lina tundu juu la kupitishia noti, na utaratibu ulikuwa mmoja tu, chochote utakachoachiwa na mteja hata kama ni sarafu moja unaenda kuitumbukiza pale keshia akikuona. Jumapili usiku tukishafunga meneja anaingia nalo ofisini, anafunga mlango, baadae anatoka na bahasha.

Sasa kuna usiku mmoja tulipata meza ya watu kumi na wawili, walikaa mpaka karibu saa sita, wazee kwa vijana, inaonekana ni familia hawajaonana muda mrefu, na wakati wa kuondoka mzee wao akatoa noti kubwa, akatoa ya pili, akatoa ya tatu, akazikunja, akaja mwenyewe mpaka kaunta akazitumbukiza, akasema hii ni ya vijana wote mpaka walioko jikoni. Tulikuwa watatu tumesimama pale, tumeona kwa macho yetu. Jumapili bahasha zikatoka. Tukajumlisha za wote tisa nyuma ya karatasi ya oda, tukarudia tena tukidhani tumekosea, jumla ya bahasha zote kwa wiki nzima haikufika hata nusu ya alichoweka yule mzee peke yake. Hakuna aliyeuliza. Ungeuliza nini, mkataba huna, na nje kuna watu wanaisubiri nafasi yako.

Na kulikuwa na mama mmoja wa kuosha vyombo, vidole vyake muda wote vimejikunja kwa maji, yeye kila Jumapili alikuwa anachelewa kuvaa viatu vya kuondokea, anafuta sinki ambayo ameshaifuta, anasikilizia kama ataitwa. Hajawahi kuitwa hata siku moja. Meneja alishasema tipu ni ya wanaoonekana na mteja.

Ndio maana watu wakianza kubishana kuhusu tipu, asilimia ngapi inatosha, nchi gani usipoacha unaonekana huna adabu na nchi gani ukiacha ndio unaonekana huna adabu, mimi nawaza ule ufunguo. Pesa ikishatoka mkononi mwako inaenda wapi, na yule aliyekuhudumia angerudi nyumbani na nini kama wewe ungesimama ukaondoka bila kuacha kitu? Nimesoma sana kuhusu hili tangu niache ile kazi, nchi moja baada ya nyingine, na karibu kila mahali ugomvi unarudi hapo hapo.

Neno lenyewe bakshishi limetoka Kiajemi, kwenye kitenzi cha kutoa na kupeana, na Waturuki na Wamisri wanalo hilo hilo kwa matamshi yao. Wazungu wengi walichagua kinywaji, Wafaransa wanaita pourboire yani ya kunywea, Wajerumani Trinkgeld, hela ya kinywaji, Wapolandi wana neno linalotokana na bia, Warusi wanasema ya chai, na hapo msomaji wa Kiswahili atashtuka maana sisi ya chai tunaijua kwa kazi nyingine. Ukiyaangalia majina yote haya yanasema ni kitu kidogo cha ziada, mtu apooze koo akimaliza kazi. Sijakuta lugha inayoiita hela ya kodi ya nyumba au hela ya ada ya mtoto, lakini kwa mamilioni ya watu ndio imekuwa hivyo, na haikuwa kwa bahati mbaya, kuna watu walikaa wakapanga.

Marekani ndio historia yake iko wazi zaidi. Utumwa ulifutwa 1865, na miaka michache baadae George Pullman wa Chicago, yule mwenye mabehewa ya kulala ya treni, akaanza kuajiri wanaume weusi, wengi wao walikuwa watumwa juzi tu, wawe wapagazi kwenye mabehewa yake. Wanatandika vitanda, wanabeba mizigo, wanang'arisha viatu vya abiria usiku abiria wamelala. Mshahara uliwekwa chini kwa makusudi, kilichopungua abiria atajazia. Na abiria wengi hawakujihangaisha hata kumuuliza mtu jina, wote waliwaita George, jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyokuwa anaitwa kwa jina la bwana wake. Ili apate mshahara kamili wa mwezi mpagazi alitakiwa afikishe saa 400 au maili 11,000 za safari, na kiwi ya kung'arishia viatu vya hao abiria ananunua kwa hela yake mwenyewe.

Hiyo ya kiwi huwa inanikaa moyoni maana sisi pia kalamu za kuandikia oda tulikuwa tunajinunulia.

Mwaka 1925 wapagazi wale wakaanzisha chama chao, kiongozi wao A. Philip Randolph, kampuni ikawapiga vita miaka kumi na mbili mpaka 1937 ndio ikasaini nao mkataba, saa zikashuka kutoka 400 mpaka 240 kwa mwezi na mshahara ukapanda. Miaka kumi na mbili jamani. Watu ambao kipato chao cha siku kilitegemea kumtabasamia abiria walikataa kutabasamu mbele ya kampuni kwa miaka yote hiyo, wanataka mshahara ambao mtu anaweza kuishi nao, wasisubiri mkono wa abiria.

Na kuna wakati Wamarekani wenyewe waliichukia tipu, waliona ni tabia ya mabwana na watwana imeletwa kutoka Ulaya, jimbo la Washington likaipiga marufuku kwa sheria 1909, majimbo mengine kadhaa yakafuata, ila kufika 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimeshafutwa. Mwaka 1938 ikaja sheria ya kima cha chini cha mshahara nchi nzima, wafanyakazi wa hoteli na migahawa wakaachwa nje. Waliingizwa 1966, na waliingizwa kwa mlango wa nyuma, kwa sababu tajiri aliruhusiwa kuhesabu tipu za mfanyakazi kama sehemu ya mshahara anaotakiwa kumlipa, mpaka nusu. Hebu isome tena hiyo. Mteja anatoa zawadi kwa weita, sheria inaichukua ile zawadi inamsamehe tajiri deni.

Mwaka 1991 kima cha chini kilikuwa dola 4.25 kwa saa, nusu yake ikawa dola 2.13. Halafu 1996 Bunge lao likakata kamba iliyokuwa inaziunganisha hizi namba mbili, kima cha chini cha kawaida kikaendelea kupanda kikafika 7.25 mwaka 2009, ile 2.13 ikabaki pale pale na mpaka naandika hapa haijasogea. Yani binti aliyezaliwa mwaka ule namba inawekwa sasa hivi ni mtu mzima ana zaidi ya miaka thelathini, na kama kazi yake ni uweita kwenye jimbo linalofuata kiwango hicho basi analipwa kwa saa namba ile ile aliyokuwa analipwa mama yake akiwa na mimba yake. Bei za vitu zote zimepanda, kodi ya nyumba imepanda, namba imesimama.

Watetezi wa utaratibu huu watakwambia mbona sheria inasema 2.13 ukijumlisha na tipu isipofika 7.25 tajiri lazima aongezee hapo katikati. Ni kweli inasema hivyo. Lakini mimi nimesimama mbele ya mlango wa meneja, najua ule mlango. Weita aingie mle ndani aseme wiki hii sijafikisha naomba niongezewe, meneja anachosikia ni kwamba wewe ndio mbovu, mbona wenzako wamefikisha, na wiki inayofuata unakuta umepangwa shifti za Jumatatu mchana ambazo hakuna mtu. Haki ambayo ukiidai inakufukuzisha kazi watu hawaidai, ndio ukweli wa kila jiko na kila kaunta.

Kitu kilichoniuma nilipokigundua ni tarehe. Mwaka huo huo 1991 Shirika la Kazi Duniani, kule Geneva, lilipitisha mkataba namba 172 kuhusu wafanyakazi wa hoteli na migahawa, na kifungu cha 6 kiko wazi kabisa, tipu ni pesa ambayo mteja anampa mfanyakazi kwa hiari yake juu ya kile anachodaiwa, na bila kujali hizo tipu mfanyakazi alipwe ujira wa msingi kwa vipindi vinavyoeleweka. Mistari michache tu, imemaliza kila kitu. Nchi zilizouridhia ni chache.

Sasa kuna hoja moja ambayo kila mtu anaijua, kwamba tipu inamfanya mhudumu ajitume. Niliiamini na mimi, mwanzoni, nilikuwa nakimbia na trei naamini kasi yangu inahesabiwa mahali. Kuna mtafiti wa chuo kikuu cha Cornell anaitwa Michael Lynn amesoma tipu kwa miaka mingi kuliko karibu mtu yeyote, na alichokuta yeye na wenzake ni kwamba uhusiano kati ya ubora wa huduma na kiasi mteja anachoacha upo, ila ni mwembamba sana. Kinachoamua zaidi ni ukubwa wa bili. Na tafiti zake nyingine zimeonyesha wahudumu weusi wakiachiwa kidogo kuliko weupe, tena na wateja weusi pia sio weupe tu. Kwa hiyo unayemlipa mtu kwa tipu unamlipa kwa sura yake, kwa meza aliyopangiwa, kwa hali ya hewa, kwa kama mteja ameamka vizuri na mke wake.

Na kuna jingine ambalo hesabu hailionyeshi. Kulikuwa na binti tuko nae shifti moja, ameenda kuweka bili mezani mteja akamshika mkono, hakuuachia, anaongea na wenzie anacheka huku kidole gumba kinapita pita juu ya ngozi ya mkono wa yule binti, na binti anatabasamu. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale nimebeba vyombo. Baadae tuko nyuma nikamuuliza kwanini hukuuvuta mkono, akaniangalia akasema, alikuwa hajalipa bado.

Sijasahau hiyo sentensi na sidhani kama nitaisahau. Nilipokuja kusoma kwamba wafanyakazi Marekani wanaopigania kima kimoja cha chini kwa wote, wanaopokea tipu na wasiopokea, wanaitoa hii hii kama hoja yao kubwa, kwamba mtu anayekulipa mshahara moja kwa moja kutoka mfukoni mwake anajiona amenunua zaidi ya huduma, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Na inawezekana kufanya vingine hata huko huko kwao. Majimbo saba, California, Oregon, Washington, Nevada, Montana, Minnesota na Alaska, hayaruhusu tipu kuhesabiwa ndani ya mshahara, weita analipwa kima cha chini kizima halafu tipu inakaa juu. California mwaka 2024 kima hicho kilikuwa dola 16 kwa saa. Migahawa ipo, watu wanakula, wanaacha tipu zao kama kawaida, mbingu haijaanguka. Ila nikiri pia sio kila jaribio limefanikiwa, New York yule mwenye migahawa maarufu Danny Meyer aliondoa tipu kabisa kuanzia 2015, akaingiza gharama ya wafanyakazi kwenye bei za menyu, na 2020 akairudisha. Mimi nalielewa hilo. Mgahawa mmoja ukipandisha bei peke yake, menyu ya jirani inaonekana rahisi hata kama mwisho wa siku mteja atalipa kile kile, na weita hodari anajua akihamia kwa jirani Ijumaa moja nzuri inampa zaidi. Kuna maweita wengi wanaipenda tipu kwa moyo wote, wanaondoka usiku na pesa taslimu mfukoni, na siwezi kumwambia mtu mwenye watoto kwamba anakosea kuipenda. Nachosema tu ni kwamba ile Ijumaa nzuri isiwe ndio mshahara, maana Jumatatu mbaya nayo ipo na mtoto anakula siku zote mbili.

Mwaka 2025 wameleta pia sheria ya kupunguziwa kodi kwenye tipu, mpaka dola 25,000 kwa mwaka, itafanya kazi mpaka 2028. Watu wamefurahi na sina ubaya na mtu kubakiwa na hela yake. Lakini yule ambaye kipato chake ni kidogo kiasi kwamba hata kodi ya mapato hana ya kulipa, hiyo haimgusi popote, na ile 2.13 haijaguswa pia.

Uingereza ndio ilinifundisha kwamba hata lile sanduku lina jina rasmi. Wanaliita tronc, neno la Kifaransa ambalo maana yake mojawapo ni lile sanduku la sadaka kanisani, na kuna mtu maalum wa kuligawa anayechaguliwa kwa kazi hiyo. Kule mpaka 2009 tajiri aliweza kutumia tipu kufidia kima cha chini cha mshahara, ikapigwa marufuku mwezi wa kumi mwaka huo, lakini bado wengi walikuwa wanakata kwenye tipu zilizolipwa kwa kadi, wanaita ada ya usimamizi, na ile sevisi chaji ya asilimia 12.5 ambayo migahawa mingi ya London inaibandika kwenye bili mteja akidhani inaenda kwa mhudumu, hakuna aliyekuwa na uhakika inaenda wapi. Sheria mpya ilipitishwa 2023 ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Sasa tipu yote na sevisi chaji yote lazima ifike kwa wafanyakazi bila kukatwa zaidi ya kodi, igawiwe kwa haki, iwe imeshalipwa kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, kuwe na utaratibu wa maandishi, na kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitatu, mfanyakazi ana haki ya kuomba kuona.

Niliisoma hiyo ya kuomba kuona kumbukumbu nikasimama nikatembea chumbani. Nilimfikiria yule mama wa vyombo anaomba daftari, anaonyeshwa mstari wa zile noti tatu za yule mzee, imeandikwa tarehe, imeandikwa jumla, imeandikwa fungu lake. Marekani nao walichelewa ila wamefika sehemu, tangu 2018 sheria yao inamkataza tajiri, meneja na msimamizi kuchukua chochote kwenye tipu za wafanyakazi, hata kama analipa mshahara kamili. Wetu angekuwa amevunja sheria kwenye nchi zote mbili.

Na wezi wa sanduku wa siku hizi hawahitaji kufuli. Amazon walikuwa na madereva wa kupeleka mizigo kupitia programu ya Flex, waliwaahidi kiwango cha kila saa pamoja na tipu zote za wateja, halafu kuanzia 2016 wakabadilisha kimya kimya, wakawa wanatumia sehemu ya tipu za wateja kujazia kile kiwango cha msingi walichoahidi kukilipa wao. Dereva anaona jumla tu, haoni ndani. Mwaka 2021 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikamaliza nao kesi kwa dola milioni 61.7, pesa ya kuwarudishia madereva. Mteja alibonyeza tipu kwenye simu akiambiwa yote inaenda kwa dereva, kumbe sehemu yake imeenda kuziba mshahara wa dereva huyo huyo.

Ufaransa wao walimaliza sehemu kubwa ya ugomvi zamani, tangu miaka ya 1980 bei inayoonyeshwa kwenye menyu lazima iwe na huduma ndani yake, mhudumu ana mshahara wa kisheria kama mfanyakazi mwingine, ukiacha sarafu mbili tatu ni asante. Ujerumani unamtajia mhudumu kiasi unacholipa jumla wakati anakudai, unazungusha juu kidogo, basi, na ile ya hiari haikatwi kodi. Denmark hawana hata kima cha chini kilichowekwa na sheria, vyama vya wafanyakazi vinakaa na waajiri wanakubaliana, tipu haitegemewi. Sina mengi ya kusema kwa hao, mahali ambapo mambo yanaenda hakuna hadithi ndefu.

Japani watu wanaipenda kuisimulia, umeacha sarafu mezani mhudumu anakukimbilia mpaka nje kukurudishia akidhani umesahau. Ni kweli inatokea. Pale huduma nzuri ni sehemu ya kile ulicholipia tayari, kumwongezea mtu pesa wazi wazi ni kama kumwambia ulidhani asingefanya vizuri bila hiyo. Zipo nyumba za wageni za kizamani ambapo mgeni anaweza kumpa anayemhudumia pesa kidogo, lakini inawekwa kwenye bahasha, inatolewa kwa mikono miwili mwanzoni, mtu hatoi noti tupu. Ila naomba watu wanaoisifia Japani wasiishie hapo, wastani wa kima cha chini kule ulikuwa yen 1,055 kwa saa mwishoni mwa 2024, sio pesa ya kutajirisha mtu, heshima ipo na mshahara nao unahitaji kusukumwa.

Australia ndio mfano ninaoupenda kuliko wote kwa sababu hauna siri yoyote. Kuanzia Julai 2024 kima cha chini kilikuwa dola 24.10 za kwao kwa saa, mtu wa kibarua kisicho na likizo anaongezewa asilimia 25 juu ya hapo, wikendi na sikukuu kuna viwango vya juu zaidi. Kahawa inakuwa ghali, ndio, unalipia mtu aliyekutengenezea. Tipu wakiacha wanaacha kwa sababu wamefurahi.

Afrika Kusini pia sheria ya kima cha chini ya 2018 imeandikwa vizuri, inasema wazi kwamba tipu, bonasi na zawadi hazihesabiwi ndani ya kima hicho, ingawa walinzi wa magari wanaosimama kwenye maegesho na vizibao vyao vya kung'aa wengi wao hawana hata huyo mwajiri wa kumshtaki, wanaishi kwa sarafu za madirishani. Sheria inamlinda mwenye ajira. Asiye na ajira bakshishi ndio ajira yake, na kwake mimi natoa bila kuwaza mara mbili. India mwaka 2022 mamlaka ya kulinda walaji ilizuia migahawa kubandika sevisi chaji kwa lazima, wenye migahawa wakaenda mahakamani, Machi 2025 mahakama kuu ya Delhi ikawakatalia, na moja ya hoja za migahawa ilikuwa kwamba hiyo pesa ni ya wafanyakazi. Kama ni ya wafanyakazi iandikeni kwenye mishahara yao basi, nani amewazuia?

Siku hizi ninapokula mahali, kabla sijatoa kitu namuuliza anayenihudumia, taratibu, hii ikiwekwa kwenye bili inakufikia? Nimeuliza mara nyingi sana na nimejifunza kutosikiliza jibu, naangalia macho. Mwezi uliopita kijana mmoja, mdogo tu, shati limemzidi mabega, kabla hajafungua mdomo aligeuka akaangalia kaunta. Kisha akasema inafika. Nikalipa bili kwa kadi bila kuongeza kitu, nikasimama, nikampa mkono wa kuagana na noti imekunjwa ndani ya kiganja, akaisikia, akafunga vidole.

Nikamuuliza jikoni mko wangapi. Akasema wanne, na dada wa vyombo. Nikarudisha mkono mfukoni.